Kabla ya faini, barafu: Delta ya Rufiji na joto la mwisho wa kaskazi

Mwezi Februari ukielekea ukingoni, barabara ya vumbi ya Mtunda, wilayani Kibiti, huwa na mbio zake za asubuhi. Pikipiki hutoka upande wa delta zikiwa na ndoo na matenga yaliyofungwa kwa mipira ya baiskeli iliyokatwa, majani ya mgomba ndani, gunia bichi juu. Dereva hasimami kunywa chai. Akimwona mtu anayemfahamu hupiga honi na kupita, maana ndani ya ndoo mna kamba waliovuliwa usiku, jua linapanda, na kila dakika inakula bei.

Ukilifunua gunia utakuta kamba, majani na maji kidogo ya chumvi. Kitu ambacho mara nyingi hutakiona ni barafu.

Hapo ndipo umaskini wa mvuvi wa delta unapoanzia, na hapo ndipo dawa yake inapopaswa kuanzia. Kwa miaka mingi mazungumzo kuhusu uvuvi wa pwani yametawaliwa na doria, faini na nyavu zinazochomwa moto. Hayo yana nafasi yake, na hakuna anayeipenda bahari atakayetetea baruti. Lakini ikiwa nia ni kaya za Kibiti na Rufiji zipate riziki ya heshima, na kamba wachanga wapate kukua, basi kitu cha kwanza kufikishwa kule kiwe barafu. Faini ije nyuma yake.

Maji yakipata moto

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Inapokaribia kuisha, kabla masika hayajafungua, upepo hulegea, bahari hulala na maji ya pwani hufika nyuzi 29 hadi 30. Ni wakati ambao mtumbwi mdogo, usioweza kuthubutu kutoka nje ya mlango wa mto wakati wa kusi, unafika mpaka kwenye fungu na kurudi salama. Ndani ya vijito wavuvi hupata mkizi, hongwe na chaa; wanaotoka nje kidogo hurudi na kolekole.

Na kamba. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 53,000 za mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 imo pamoja na Mafia na Kilwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Sehemu kubwa ya kamba wa Tanzania inatokana na msitu huu. Kamba mkubwa hutaga baharini. Vitoto vyake husukumwa na maji kujaa mpaka ndani ya vijito, vikajificha kwenye mizizi ya mikoko na kula humo kwa miezi kadhaa. Mvua zikija, mto ukamwaga maji baridi kwa wingi, kamba waliokwisha kukua hutoka kuelekea baharini. Kwa hiyo mwisho wa kaskazi na mwanzo wa masika ni mlango: walio ndani wanajiandaa kutoka, na wavuvi wanawangoja mlangoni.

Sasa iangalie kalenda ya kaya. Mpunga bado uko shambani; mavuno ni baada ya masika. Januari imeshachukua sare za shule, madaftari na michango. Miaka hii Mwezi Mtukufu wa Ramadhani nao umeangukia humo humo: mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 ukarudi nyuma hadi Februari. Futari inatakiwa, na baada yake Idi, nguo za watoto na mkono wa kuwapa wazee. Kwa kaya nyingi za delta fedha ya miezi hii inatoka mahali pamoja tu, majini. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na ni kweli kwamba katika nyumba za delta kitoweo hakikosekani. Shida yao ni shilingi. Kwa nini anayevua bidhaa inayouzwa ghali Dar es Salaam arudi nyumbani na pesa isiyofika mwisho wa wiki?

Usiku mmoja wa bamvua

Jibu liko katika saa chache kati ya wavu na mnunuzi.

Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii huzidi mita 3. Mvuvi anautegemea mwendo huo. Anatega wavu wake kukatisha kijito maji yanapoanza kutoka, anakaa ndani ya mtumbwi akiua mbu, na maji yakishapwa anakusanya kilichonaswa. Huenda ni saa tano za usiku. Amepata. Ila kijito kimekauka, mtumbwi umekaa juu ya tope, na hawezi kwenda popote mpaka maji yarudi. Kamba wake wanamngoja pale pale chini ya miguu yake, katika hewa ya joto la Februari ambalo hata usiku halishuki sana. Maji yakijaa atapiga kafi mpaka kijijini, kisha ipo safari ya mashua au pikipiki kutafuta barabara kuu ya Kilwa, kisha zaidi ya kilomita 130 mpaka soko la samaki la Feri, Dar es Salaam.

Kamba havumilii safari ya namna hiyo. Uharibifu wake unaanzia kichwani, mahali penye juisi za kumeng'enyea chakula. Akishakufa juisi hizo zinaanza kumla mwenyewe. Kwanza kichwa kinapata weusi kama wa masizi. Halafu maungio ya kichwa na mwili yanalegea, ukimshika kwa ndevu kichwa kinabaki mkononi. Kisha nyama inakuwa laini na harufu inaanza kusema. Katika nyuzi 30 safari yote hiyo inaweza kuanza na kwenda mbali kabla ya adhuhuri. Katika barafu inachukua siku kadhaa, na samaki wa magamba aliyelazwa vizuri kwenye barafu hukaa zaidi ya wiki.

Mnunuzi anayajua haya vizuri kuliko mtu yeyote. Akifika bandarini kijijini huangalia vichwa kwanza. Akiona weusi hana haja ya kubishana. Anataja bei, na mwenye mali anaipokea, kwa sababu asipoipokea saa tatu, saa tano atapokea ndogo zaidi, na saa saba hatapokea kitu. Mara nyingi mnunuzi huyo ndiye pia tajiri aliyemkopesha wavu. Basi mvuvi anauza kwa mtu mmoja, kwa saa moja, kwa bei moja. Tuseme amepata kilo 20. Kilo 5 zimelegea na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na 15 zilizobaki zimekatwa bei kwa sababu muda umekwisha. Mkewe anayesubiri pesa ya unga, mafuta ya taa na dawa ya mtoto ataona nusu ya thamani ya usiku ule. Nusu nyingine haikuibwa na mtu. Imeyeyukia njiani.

Kwa wale waliolegea, kazi inahamia kwa wanawake. Wanawachemsha na chumvi kwenye sufuria pana, wanawaanika juu ya jamvi au turubai, na kuwauza wakavu. Ni ustadi mkubwa na una soko lake. Hakuna mtu wa kusini mwa pwani atakayewadharau kamba waliokaushwa vizuri na kupikwa kwa tui zito. Ila sufuria hiyo inataka kuni, na kuni zilizo karibu ni za mikoko. Anayechemsha kwa kupenda soko la kamba wakavu ni mfanyabiashara. Anayechemsha kwa sababu wamekwisha kuharibika anachoma msitu ili kuokoa hasara. Na mvua za kwanza za masika zikidondoka, jamvi halikauki, ukungu unaingia, na hata hasara ile haiokoleki.

Kaa hana haraka

Anayetaka ushahidi kwamba muda ndio bei amwangalie kaa wa matope. Huyu hutolewa shimoni mwake chini ya mikoko kwa chuma kirefu chenye ncha iliyopinda, hufungwa magando kwa kamba, na akiwekwa kivulini na kuloweshwa maji anaishi siku kadhaa nje ya maji. Mvuvi akiambiwa bei asiyoipenda anaweza kusema, "Nitangoja kesho." Anaweza kukusanya wa siku mbili au tatu akawauza kwa pamoja, na anaweza kumpigia simu mnunuzi wa pili. Kaa hai wa pwani yetu husafirishwa mpaka masoko ya Asia, na nguvu ya mvuvi katika mnyororo huo, ingawa ni ndogo, inatokana na jambo hili moja: bidhaa yake haifi haraka.

Mvuvi ni yule yule, na kijiji na tajiri ni wale wale. Kinachobadilika ni uwezo wa kungoja. Barafu humpa mwenye kamba kile ambacho Mungu amempa mwenye kaa.

Mwenye njaa hana miiko

Wapo watakaosema barafu itaongeza uvuvi, wakati kamba wenyewe wameshapungua. Hofu yao ina msingi, na historia yake inafaa kukumbukwa. Uvuvi wa kamba wa meli za kukokota nyavu ulikuwa ukitoa zaidi ya tani 1,000 mwaka 2003. Kufikia mwaka 2007 ulikuwa umeporomoka hadi takriban tani 200, na serikali ikausimamisha. Meli zile zilikuwa na majokofu makubwa ndani yake. Kwa hiyo ni kweli: ubaridi peke yake hauleti busara.

Lakini mvuvi wa mtumbwi hafanani na meli. Meli ilivua zaidi kwa sababu ilikuwa na mtaji wa kuvua zaidi. Mvuvi wa mtumbwi anavua zaidi kwa sababu alichovua jana kimemlipa kidogo. Kila kilo inayooza lazima ivuliwe tena. Akipoteza robo ya mavuno kwa joto, kesho atarudi mapema zaidi, atakaa zaidi, na siku moja atachukua wavu wenye macho madogo zaidi. Hapo ndipo zinapoingia nyavu zilizoshonwa kwa chandarua, zinazokokotwa kandokando ya mikoko na kuzoa kila chenye uhai, vikiwemo vitoto vya kamba ambavyo vingeachwa miezi miwili vingekuwa bidhaa ya thamani.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zimeweka makatazo ya zana haribifu, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, viliundwa ili wanakijiji wenyewe wawe walinzi. Waulize wanachama wa BMU yoyote kazi yao inakwamia wapi. Inakwama pale wanapomkamata jirani, mtoto wa shangazi, mama mjane aliyebeba uduvi wa kulisha watoto wake. Mwenye njaa hana miiko, na kumtoza faini asiye na kitu ni kumrudisha majini usiku huo huo akatafute pesa ya kulipia faini. Mtu ambaye kilo 10 zinamlipa vizuri ndiye anayeweza kuambiwa kijito fulani kifungwe kwa wiki sita akakubali. Kabla ya hapo, kumwambia apumzishe kijito ni kumwambia apumzishe tumbo.

Kwa hiyo barafu iende pamoja na masharti. Kikundi kinachopata mtambo wa barafu kikubali kulinda vijito vyake vya malezi mwishoni mwa kaskazi, na kisipokee mzigo wa chandarua. Hilo ni sharti linalotekelezeka, kwa sababu anayegawa barafu anaona kila ndoo inayofunguliwa mbele yake. Doria hupita na kuondoka. Meneja wa barafu yupo kila asubuhi.

Sekunde moja ya Mto Rufiji

Desemba 22, 2022 ulianza ujazaji wa Bwawa la Julius Nyerere, juu ya mto huu huu. Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi. Mitambo yote tisa kwa pamoja ina uwezo wa megawati 2,115, na njia ya msongo wa kilovolti 400 inaubeba umeme huo mpaka Chalinze ili usambazwe nchini.

Kutengeneza tani moja ya barafu kwa mtambo mdogo wa kawaida hakuhitaji hata uniti 100 za umeme, zile zile tunazozinunua kwa LUKU. Bwawa likiendesha mitambo yake yote huzalisha zaidi ya uniti 500 kwa sekunde moja. Sekunde moja ya Mto Rufiji, basi, inatosha tani tano za barafu. Watu wanaoishi mahali mto huu unapoishia wana haki gani katika sekunde hizo?

Swali hili halipingi bwawa. Taifa linahitaji umeme, na kila anayewasha taa Dodoma au Mwanza ananufaika. Lakini delta ndiyo inayobeba mabadiliko ya mto. Kamba hutegemea maji baridi yanayoshuka kwa wakati wake, na mpunga wa mabondeni hutegemea tope la mafuriko. Mto ukishakuwa na mlango wa kufungwa na kufunguliwa, wa kwanza kulihisi ni yule aliye chini. Aprili 2024 mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zilifunikwa na maji, na kabla watu hawajakauka, mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga upande wa Mafia na pwani hii. Kaya zilizopoteza mpunga mwaka ule zilirudi kuutegemea wavu. Kuwapelekea barafu itokanayo na mto wao ni kurudisha sehemu ndogo ya kile mto unachowapa wengine.

Kwenye visiwa vya delta, ambako kuvusha nguzo za umeme juu ya tope na vijito ni kazi ngumu, jua lipo. Teknolojia hiyo tayari iko jirani. Kampuni ya Keep IT Cool ya Kenya, inayotumia ubaridi wa umeme wa jua kwa wavuvi na wafugaji wa kuku, ilishinda Tuzo ya Earthshot mwaka 2024. Kama wavuvi wadogo wa Kenya wanahudumiwa hivyo, kipi kinashindikana kwenye delta, ambako jua la Februari linachoma mpaka saa tisa mchana?

Wala kila kitu hakihitaji mtambo mpya. Barafu ikinunuliwa mjini inaweza kufika delta ikiwa nzima kama imehifadhiwa vizuri. Jokofu bovu lililolazwa chali na kuzibwa matundu ni sanduku zuri la barafu. Sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati likashindiliwa pumba za mpunga, huzuia joto kwa njia ambayo fundi yeyote wa Kibiti anaweza kuitengeneza, na pumba Rufiji hazinunuliwi. Zimerundikana nyuma ya kila mashine ya kukoboa. Mvuvi akienda na sanduku la namna hiyo mtegoni, zile saa anazongoja maji yajae haziwi tena saa za hasara. Kanuni ya matumizi ni nyepesi: kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, barafu chini, kamba katikati, barafu juu, na tundu la kutolea maji.

Nani atakula?

Lipo pingamizi moja zito zaidi. Samaki wakipata barafu watakwenda wote Dar es Salaam, na mtu wa Mtunda atabaki akiwatazama wakipita. Bei ya kijijini itapanda. Mama lishe wa stendi ya Kibiti, anayenunua kamba waliolegea kwa bei nafuu, atakosa.

Ni kweli bei itapanda kwa wengine. Hata hivyo, unafuu wa leo unalipwa na mtu: unalipwa na mvuvi aliyekesha, na mkewe aliyeshindwa kununua daftari. Kijiji kisichokuwa na pesa mkononi hakinunui hata kilicho rahisi. Tena barafu inafanya kazi pande zote mbili. Mama lishe mwenye sanduku la barafu ananunua siku ya bamvua, bei inapokuwa chini, akapika siku ya maji mafu, samaki wanapoadimika. Mchuuzi anaweza kuuza jioni alichonunua asubuhi bila kumdhuru mlaji. Na afya ya mlaji nayo ina thamani. Tumbo la kuendesha baada ya mchuzi wa kamba waliokwisha kuharibika linaigharimu nyumba kuliko tofauti ya bei.

Hatari ya kweli ni nyingine: barafu kutekwa na tajiri. Mtambo ukiwa mikononi mwa mtu mmoja anayenunua samaki, atawapa barafu wanaomuuzia yeye tu, na mvuvi atakuwa amebadilishiwa kamba ya kufungiwa. Ndiyo maana umiliki uwe wa vikundi, hesabu zisomwe mkutanoni, na barafu iuzwe kwa bei moja kwa kila anayekuja na chombo.

Serikali imeshaonyesha kwamba inaweza kuweka fedha baharini. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko imegharimu mabilioni ya shilingi, na boti za kisasa zimekopeshwa kwa wavuvi katika maziwa na pwani. Hayo ni mambo makubwa kwa vyombo vikubwa. Mtumbwi wa delta hauwezi kufika Kilwa Masoko kufuata ubaridi. Ubaridi uufuate mtumbwi.

Fedha za kuanzia zipo karibu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha wanawake wanaokausha kamba kina haki sawa na kikundi cha bodaboda kuomba mkopo wa mtambo mdogo wa barafu na masanduku yake. Waheshimiwa madiwani wa kata za delta, Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti hupanga bajeti yake katika miezi hii hii ambayo pikipiki zinakimbizana na jua, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Wekeni fungu la barafu humo, liandikwe kwa jina la kijiji na la kikundi, ili kaskazi ijayo ikikaribia kuisha mwananchi aweze kuuliza limefika wapi.